Biskuti za mvinyo na jibu nililolikosea

Mwaka 1994, katika shule moja ya upili ya wasichana huku pwani, binti wa kidato cha pili aliniuliza swali nami nikalijibu upesi mno. Somo lilikuwa sayansikimu. Juu ya meza palikuwa na unga wa ngano, sukari, chupa ya mafuta, na kichupa cha nne nilichokuwa nimekizungushia kitambaa kama mtu afichaye jambo. Binti alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, hicho kilichomo kichupani si divai?" Nikamjibu kwamba ni divai kweli, lakini asiwe na wahaka, maana kileo chote huyeyuka motoni kikaenda zake pamoja na mvuke. Akaniamini. Alikula biskuti tatu, nyingine mbili akazifunga kwenye karatasi ya daftari ili ampelekee nyanya yake.

Mkuu wa shule hakuwa na habari ya kichupa kile. Hilo lilikuwa kosa, lakini leo si hilo lililonifanya nishike kalamu. Nataka kusimulia juu ya lile jibu. Hata hivyo, mpenzi msomaji, huwezi kuupima uzito wa jibu bila kuijua biskuti yenyewe, nayo ina habari ndefu na tamu kuliko mwalimu aliyeifundisha.

Kusini-mashariki ya jiji la Roma, mwendo wa kilomita 20 hivi, viko vilima ambavyo zamani za kale vilikuwa volkeno. Waitaliano huviita Castelli Romani, yaani ngome za Kirumi, kwa sababu jamaa za makabaila zilijenga huko ngome na makasri yao. Ndiko iliko miji ya Frascati, Marino, Grottaferrata, Ariccia na Genzano. Udongo wake umetokana na majivu na mawe ya volkeno, na mizabibu huupenda. Zabibu za huko nyingi ni nyeupe, za aina ya Malvasia na Trebbiano, na divai yake ni nyepesi, ya kunywewa ingali changa. Wenyeji wa vilima hivyo ndio waokao biskuti ziitwazo ciambelline al vino, maana yake vijibangili vya mvinyo. Kwa mzaha wengine huziita ubriachelle, yaani vilevi vidogo.

Katika miji hiyo mlikuwamo, na hata leo mngalimo, vilabu vya divai viitwavyo fraschette. Jina hilo limetoka kwa neno frasca, tawi lenye majani, kwa kuwa mwenye klabu alikuwa akining'iniza tawi mlangoni kuwatangazia wapita njia kwamba divai mpya imewadia. Mteja hakuuziwa chakula. Alikuja na mkate wake, jibini yake na nyama yake katika kitambaa, akanunua divai tu. Mlo ulipokwisha zilitolewa biskuti, na kila mtu akachovya yake ndani ya bilauri yake. Basi biskuti hii ina mvinyo ndani, na bado huliwa kwa kuchovywa katika mvinyo nje. Ukisema watu hawa hawakuwa na haya juu ya divai yao, hutakosea. Mjini Marino, tangu mwaka 1925, hufanywa sherehe ya zabibu kila mwanzo wa Oktoba, na siku hiyo chemchemi ya mjini hutoa divai badala ya maji. Mwaka 2008 mafundi waliunganisha mabomba visivyo, divai ikakosa njia ya chemchemi na kutokea katika mifereji ya jikoni za watu. Nawaza jinsi mama mmoja alivyofungua mfereji aoshe sahani, akadhani macho yanamdanganya.

Mimi sikuipata biskuti hii Italia. Niliipata kwa bibi mmoja Mwitaliano aliyekuwa jirani yangu, maana tangu miaka ya sitini na sabini Waitaliano wengi wamefanya maskani katika eneo la Malindi, na msomaji wa huko hahitaji kuelezwa. Watoto wa mtaani walimwita Sinyora. Siku aliyonifundisha nilikuja na daftari na kalamu, tayari kunakili gramu na mililita, kama nilivyofunzwa chuoni. Akacheka. Akachukua bilauri moja kabatini, akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: bilauri ya divai, bilauri ya mafuta, bilauri ya sukari. Na unga? Unga, akasema, quanto basta.

Maneno hayo mawili yamejaa katika vitabu vya mapishi vya Waitaliano, hata huandikwa kwa herufi mbili tu, q.b. Maana yake ni kiasi kitoshacho. Mwanzoni yaliniudhi. Mwalimu wa sayansikimu akiandika ubaoni "kiasi kitoshacho" mkaguzi atamwuliza amesomea wapi. Lakini kila nilipozidi kukanda ndivyo nilivyozidi kumwelewa Sinyora. Unga wa msimu huu haunywi maji sawa na unga wa msimu uliopita, na unga uliokaa katika joto la pwani si sawa na uliokaa Limuru. Kipimo cha mwisho ni mkono. Kinyunya kikiacha kugandamana na vidole, na kikiwa laini mithili ya ndewe ya sikio, basi unga umetosha.

Isitoshe, ile bilauri ilikuwa na hekima yake ya hesabu. Haidhuru iwe kubwa au ndogo, maadamu bilauri ni ile ile. Uwiano haubadiliki. Mwenye kaya ya watu watatu atatumia kikombe cha kahawa, na mwenye arusi atatumia ndoo. Wazee wetu walipopima nafaka kwa kibaba na pishi walikuwa katika njia hiyo hiyo, na nadhani mwalimu wa hesabu anayehangaika kufundisha uwiano angefaidi sana kuingia jikoni akiwa na wanafunzi wake na kibaba kimoja.

Kwa wale wasioridhika bila tarakimu, nilirudi nyumbani nikapima. Bilauri ya mililita 150 ilihitaji unga wa gramu 500 hivi, ikatoa biskuti 40. Hutiwa chumvi kidogo, na wengi huongeza mbegu za anisi, jamaa ya shamari, pamoja na hamira ya unga kijiko kimoja cha chai. Vitu vya majimaji huchanganywa na sukari kwanza, kisha unga huongezwa kidogo kidogo. Kinyunya hufunikwa kipumzike nusu saa. Halafu hukatwa vipande, kila kimoja kikafingirishwa juu ya meza hata kiwe kijiti cha unene wa kidole na urefu wa kiganja, ncha mbili zikakutanishwa na kubanwa ziwe pete. Upande mmoja wa pete huchovywa katika sukari. Huokwa katika joto la nyuzi 180 kwa dakika 20 hadi 25, mpaka ipate rangi ya dhahabu. Ikipoa hulia inapovunjwa. Ikiwekwa katika mkebe wenye kifuniko hudumu majuma kadhaa.

Msomaji makini ameona kwamba hamna yai, hamna siagi, hamna maziwa. Ni biskuti ya mkulima mwenye mizabibu na mizeituni, apikaye kwa kile kilichomo katika mitungi yake. Watu huichanganya na biskuti nyingine mashuhuri ya Italia, ile ya lozi ya mji wa Prato, ambayo duka la Antonio Mattei limeiuza tangu 1858. Hiyo haina mvinyo ndani. Huchovywa tu katika divai tamu iitwayo vin santo. Hiyo ya Prato huokwa mara mbili, na kwa hakika ndiyo inayostahili jina biscotto, kwa kuwa neno hilo limetokana na Kilatini bis coctus, kilichopikwa mara mbili. Neno letu biskuti, lililotufikia kwa kupitia lugha nyingine za Ulaya, ni la ukoo huo huo. Kijibangili cha mvinyo huokwa mara moja tu, lakini hakuna aliyekinyang'anya jina.

Je, desturi ya kukanda unga kwa tunda la mzabibu ni ya lini? Hapo tunaweza kurudi nyuma zaidi ya miaka 2,100. Mrumi aitwaye Cato, aliyefariki mwaka 149 K.K., aliandika kitabu juu ya kilimo ambacho kingalipo, nacho ndicho kitabu kizima cha nathari ya Kilatini kilicho cha kale kuliko vyote tulivyo navyo. Katikati ya maagizo ya kupogoa mizabibu na kuwanyima watumwa raha, maana alikuwa mtu mkavu, Cato anaeleza namna ya kuoka vikate viitwavyo mustacei. Unga mzuri wa ngano, kipimo kimoja cha modius ambacho ni lita karibu 8.7, hulowanishwa kwa mosto. Hutiwa anisi na bizari nyembamba, ratili mbili za mafuta ya nyama, ratili moja ya jibini, na maganda yaliyokwanguliwa katika kijiti cha mlaureli. Kisha vikate huokwa juu ya majani ya mti huo huo.

Ningemwomba msomaji alikumbuke neno mosto, kwa sababu nitalihitaji mbele. Mosto ni maji ya zabibu yaliyokamuliwa ambayo bado hayajawa divai. Katika Italia ya kusini hadi leo wako watu waokao vitu vyenye asali ya mosto, yaani mosto uliochemshwa ukapungua na kuwa mzito, na majina ya baadhi ya vitu hivyo, kama mostaccioli, yangali yanalibeba neno lile la Cato mdomoni.

Sinyora hakuwa amemsoma Cato. Alikuwa na kitabu kimoja tu jikoni, kilichochakaa, nacho kilikuwa cha Pellegrino Artusi. Nakitaja kwa ajili ya walimu wa lugha. Artusi alikuwa mfanyabiashara wa hariri, si mpishi. Mwaka 1891, akiwa na umri wa miaka 70, alikichapisha mjini Florence kwa fedha zake mwenyewe kitabu cha mapishi ambacho hakuna mchapishaji aliyekitaka. Alikiongeza toleo baada ya toleo hata kikawa na mapishi 790, na hakijawahi kuacha kuchapishwa. Wakati huo Italia ilikuwa nchi moja kwa miaka 30 tu. Mwanaisimu Tullio De Mauro alikadiria kwamba wakati wa muungano wa 1861 waliojua kusema Kiitaliano sanifu walikuwa kama asilimia 2.5 tu ya wananchi. Waliosalia walisema lahaja zao, na chakula kimoja kilikuwa na majina kumi. Artusi aliandika kwa Kiitaliano chepesi, akayaondoa maneno ya Kifaransa yaliyowatatiza akina mama, na kitabu kikaingia majumbani ambamo sarufi haikuwahi kuingia. Sisi tuliokaa katika semina nyingi tukibishana juu ya mahamri na maandazi tungeyatazama hayo kwa makini. Hatujapata bado Artusi wetu, na vitabu vya mapishi vya Kiswahili tulivyo navyo havitoshi hata kuijaza rafu moja.

Aidha, Artusi alikuwa na uungwana ambao waandishi wengi hawana. Waliokuwa wakiyajaribu mapishi yale motoni walikuwa watumishi wake wawili, Francesco Ruffilli na Marietta Sabatini. Alipofariki mwaka 1911 wosia wake ukawaachia wao haki za kitabu.

Sasa turudi darasani, mvinyo ungali kichupani. Divai hufanya kazi gani ndani ya unga? Kwanza, ni majimaji, na bila majimaji unga haushikani. Pili, ni chachu. Uchachu huo watokana hasa na asidi iitwayo tatariki, ambayo zabibu inayo kwa wingi kuliko matunda mengi. Asidi ikikutana na magadi yaliyomo katika hamira ya unga hutoa hewa, na kinyunya kikafura kidogo. Tatu, pana jambo la gluteni. Hizi ni protini za ngano ambazo zikilowana na kukandwa hufungamana kama nyuzi za mkeka, nazo ndizo zifanyazo mkate uvutike. Katika biskuti hatutaki kuvutika. Mafuta huzizingira chembe za unga na kuzuia maji yasizifikie vyema, na kileo kilichomo katika divai nacho hakizilowanishi kama maji matupu. Hivyo biskuti huwa nyepesi kuvunjika. Ukitumia divai nyekundu utaona ajabu nyingine. Kinyunya huwa cha zambarau, kisha kikikutana na magadi mengi hugeuka rangi ya majivu, kwani rangi ya zabibu hubadilika asidi ikipungua. Wanafunzi wa kemia hutumia karatasi ya litmasi kuona jambo lilo hilo.

Hayo yote nilikuwa nimeyasoma kabla ya somo, na niliyaeleza vizuri. Swali la yule binti ndilo sikulisoma. Nilijibu kwa yale niliyoyasikia yakisemwa na wapishi, na wao waliyasikia kwa wapishi wengine.

Siku ya pili, katika chumba cha walimu, nilimsimulia mwenzangu wa kemia kwa majivuno jinsi darasa lilivyofana. Aliweka kikombe chake chini. Akaniambia kwamba ni kweli kileo huchemka kwenye nyuzi 78 na maji kwenye nyuzi 100, lakini vikiisha kuchanganyika haviachani kama mtu na kivuli chake saa sita za mchana. Huondoka pamoja, kileo kikitangulia, na sehemu yake hubaki nyuma maadamu maji yangalipo. Ndani ya kinyunya njia ya kutokea ni nyembamba zaidi. "Wewe umemwambia mtoto kimeondoka chote," akasema. "Ulikipima?"

Baadaye nilikuja kusoma habari ya utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1992, ambamo vyakula vilivyotiwa mvinyo na vileo vingine vilipikwa kwa njia mbalimbali kisha vikapimwa. Jedwali lililotokana na kazi hiyo lasema kwamba chakula kilichookwa kwa dakika 25 bila kukorogwa hubakiwa na asilimia 45 hivi ya kileo chake. Kikitokoswa saa moja hubakiwa na asilimia 25, na hata baada ya saa mbili na nusu asilimia 5 ingali mle. Pete nyembamba ya unga si bakuli la nyama, na yawezekana kabisa kwamba inapoteza zaidi. Hata hivyo haifiki sufuri.

Nilikaa nikapiga hesabu. Mililita 150 za divai yenye kileo cha asilimia 12 zina mililita 18 za kileo. Tuseme imebaki asilimia 45 yote: ni mililita 8, zikagawanywa kwa biskuti 40, ni mililita 0.2 kwa kila biskuti. Hakuna awezaye kulewa kwa kipimo hicho, na wako watakaosema basi mwalimu unalia nini. Nalia kwa sababu binti hakuniuliza kama atalewa. Aliuliza kilichomo. Alitaka kuamua mwenyewe, kwa mujibu wa dini yake na malezi yake, na mimi nikamwondolea haki ya kuamua kwa kumpa habari isiyo kweli. Hukumu ya dini nawaachia wenye elimu yake. Lakini hata mwenye elimu hiyo hawezi kutoa hukumu iliyo sawa ikiwa mpishi amemdanganya juu ya chungu.

Jambo hili si la darasa langu peke yake. Pwani yetu imejaa mahoteli, na vijana wengi tunaowafundisha leo ndio watakaokuwa wapishi na wahudumu humo. Mchuzi hutiwa divai, keki hutiwa ramu, na mgeni akiuliza huambiwa maneno yale yale niliyoyasema mimi, tena kwa tabasamu. Anayeuliza huenda ni Mwislamu, au Mkristo wa madhehebu yasiyogusa kileo, au mtu aliyepambana na ulevi miaka mingi na ambaye daktari wake amemkataza hata tone. Sioni ugumu wa kuandika katika orodha ya vyakula kwamba hiki kimepikwa kwa mvinyo. Mwenye kutaka atakula, na asiyetaka atapita. Wanafunzi wa upishi wafundishwe jedwali lile kama wanavyofundishwa joto la kuokea, na swali hilo liwemo katika mtihani. Wala sisemi divai ifukuzwe jikoni. Biskuti za Frascati bila divai si biskuti za Frascati, na mtu asiye na kizuizi ana haki ya kuzila jinsi zilivyo.

Jumamosi ya juma lile nilikwenda nyumbani kwa yule binti. Nilipiga hodi, nikaamkia, "Shikamoo Bi Mkubwa," nikajibiwa marahaba na kukaribishwa mkekani. Sikuwa na haja ya kueleza nilichokijia. Biskuti mbili zilikuwa juu ya kisahani kwenye dirisha, zimefunikwa kawa. Hazikuwa zimeguswa.

"Mjukuu wangu ameniambia zina divai, lakini divai yenyewe imekwenda," akasema. "Nikamwambia tungoje, mwalimu wake atakuja."

Nilimweleza kama nilivyoelezwa na mwenzangu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, mimi hiyo kemia sikuisoma. Lakini nimepika miaka hamsini. Ukitia kitunguu saumu chunguni, chungu hukinukia hadi kesho. Mtoto hana kosa, alikula kwa kutojua. Wewe je, ulijua?"

"Sikujua, Bi Mkubwa."

"Mbona basi ulisema wajua?"

Sikuwa na la kujibu. Nilitazama mkeka. Baada ya muda yeye ndiye aliyenihurumia, akaniuliza kama mpishi amwulizavyo mpishi, hiyo divai ilikuwa na kazi gani humo hata isiweze kuachwa. Nikamwambia ni unyevu, na hasa uchachu. Nikamtajia pia mosto wa Cato, kwamba watu wa kale hawakungoja maji ya zabibu yawe divai, na kwamba pengine ya chupa yangefaa. Akatikisa kichwa. Ya chupa ni ghali, na ni matamu kupita kiasi.

"Uchachu tu?" akasema. "Ukwaju si upo?"

Ukwaju ulikuwapo, mfuko mzima, umetundikwa jikoni. Aliuroweka katika maji ya vuguvugu, akaukamua, akauchuja kwa kitambaa. Binti akaleta bilauri. Mafuta yalikuwa ya mnazi badala ya zeituni, na badala ya anisi tukatia iliki. Unga, nikasema, ni kiasi kitoshacho, na mwenye nyumba akaniangalia kana kwamba nimemwambia maji yalowanisha. Hakuwa na tanuri. Aliweka sufuria juu ya makaa, akaifunika kwa sinia na kutia makaa mengine juu yake, kama aokavyo mkate wa sinia.

Jumatatu nilipomsimulia mwenzangu wa kemia alicheka kwa sauti. Asidi iliyomo katika ukwaju, akaniambia, ni tatariki, ile ile ya zabibu. Bibi yule alikuwa ameipata kwa ulimi.

Si kwamba zilitoka zote vizuri. Nilizidisha hamira, na karibu nusu ya pete zilifura hata tundu la katikati likazibika. Waitaliano wana methali isemayo si bangili zote zinazotoka na tundu, na Sinyora aliitamka mara tu nilipofungua karatasi mezani pake, kabla hajaonja. Kisha akaonja. Alitafuna polepole, akachukua ya pili, akaichovya katika chai yake. Akaniuliza ile ya rangi ya kahawia ni bilauri ngapi. Nikamwambia ni moja, lakini isijae.